Kupumzika pombe siku 30 ukiwa Unguja au Pemba, bila ya kutangaza

Kila Shaaban ikiingia, na tena kila mwaka mpya, naulizwa masuali yale yale na kwa sauti ile ile ya chini: mwezi mmoja bila ya pombe naanzaje, usiku silali nifanye nini, wenzangu niwaambie nini. Nimekaa kaunta ya hoteli ukanda wa mashariki miaka minane, nimeuza na nimekunywa, na nimejaribu kupumzika mara nne, mbili nimeshindwa mbili nimemaliza. Nimeona bora niandike mara moja kila kitu.

Kwetu hili jambo lina ugumu wake ambao miongozo ya wenzetu haiusemi. Bara mtu akisema "nimepumzika pombe" watu wanampongeza. Hapa ukisema umepumzika basi ushakiri kuwa ulikuwa unakunywa, na mama hajui, mke anajua nusu, jirani anahisi tu. Tunakunywa kwa kujificha na kuacha pia tunaacha kwa kujificha. Na mtu anaejificha hakai na bia moja saa nzima akapiga soga, anakunywa haraka haraka, anachagua kali kwa sababu kichupa kinaingia mfukoni, na akiumwa hospitali haendi kwa sababu ataulizwa. Dada zangu mnaokunywa, kwenu siri hii ni nzito mara mbili, najua, na haya yote yanakuhusuni.

KABLA YA KITU CHOCHOTE, SOMA HAPA

Huu mwongozo ni wa mtu anaekunywa wikiendi, au siku tatu nne kwa wiki, au bia mbili tatu baada ya kazi. Kama unakunywa nyingi kila siku, au asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndo utulie, au ulishawahi kuanguka kifafa ulipoacha, USIACHE GHAFLA peke yako. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya masaa 6 mpaka 24, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa, kuona vitu na kusikia sauti mara nyingi huja siku ya 2 mpaka ya 4. Watu wanakufa kwa hili. Hospitali wana dawa za kukushusha taratibu na wanakupa vitamini B1, ambayo mnywaji mzito mara nyingi anakuwa hana ya kutosha.

Na naomba hili lishikwe na watu wa nyumbani. Kijana mmoja wa kwetu aliacha ghafla baada ya miaka mingi, siku ya tatu akawa anazungumza na watu wasiokuwepo, anararua shuka, na nyumba nzima ikasema kakumbwa na shetani, akaitwa mganga, ubani ukafukizwa usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliejua kuwa anakunywa, alikuwa anaficha vizuri mno. Alipona, lakini ilikuwa karibu sana. Kisomo ni kizuri na hakimkatazi mtu kwenda hospitali, lakini anza hospitali, na mwambieni daktari neno "pombe" waziwazi.

Anaetumia dawa za kisukari, za kifafa au za moyo na mwenye mimba nao waanzie kwa daktari. Mjamzito hasa si wa kupumzika siku 30, ni wa kuacha, ila kwa kusaidiwa.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Daftari dogo au simu ya kuandikia
- Kibubu, kile cha mbao au hata kopo la maziwa ulilotoboa
- Mtu MMOJA anaejua (nitaeleza)
- Vinywaji vya badala ndani ya nyumba: ukwaju, ndimu, tangawizi, madafu, kahawa
- Viatu vya kutembelea
- Ruhusa ya nafsi yako ya kukataa mialiko miwili mitatu

Huhitaji dawa wala "ditoksi" yoyote ya kwenye chupa. Kuna majani na vidonge watu wanauziwa eti vya kusafisha ini, usitoe hela yako. Kazi ya kuondoa pombe mwilini ini linaifanya lenyewe ukiacha kulimiminia.

HATUA

1. Chagua siku ya kuanza na siku ya kumaliza, uandike zote mbili.

Nashauri siku 30 na sharti ziwe na siku ya mshahara ndani yake, maana wiki mbili za katikati ya mwezi mfuko ukiwa mtupu hazikufundishi kitu, hukunywa kwa sababu huna. Tazama kalenda. Ukianza tarehe 1 Januari ujue Mapinduzi ni tarehe 12 na ni mapumziko. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki pale Mji Mkongwe, Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, na wikiendi yake watu wanahamia fukweni. Sikwambii ukimbie sikukuu zote kwa sababu hutozimaliza, ila isiwe siku yako ya tatu au ya nne.

Kosa kubwa hapa ni kuvunja jungu. Unajua ile tabia yetu ya siku za mwisho za Shaaban, watu wanakula na kustarehe kwa kuaga, sasa mnywaji nae anavunja jungu lake, usiku wa mwisho anakunywa za mwezi mzima. Matokeo yake siku ya kwanza unaamka mgonjwa, na mwili mgonjwa unataka kuzimua. Fanya kinyume, wiki ya mwisho punguza, aliezoea nne anywe tatu, kisha mbili.

2. Wiki moja kabla, hesabu.

Andika kila unachokunywa na saa uliyokunywa, usijidanganye, daftari ni lako. Wengi tunahesabu chupa tukasahau ukali. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi chenyewe. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo kichupa cha mililita 200 kina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Tembo la mnazi halihesabiki kirahisi, lililogemwa asubuhi ni laini na lile lile jioni lishachachuka na kuwa kali. Gongo ndo usiniulize, hakuna anaejua ndani mna nini.

Lakini kinachotafutwa zaidi kwenye daftari ni SAA. Utakuta pombe yako ina saa yake. Mie yangu ilikuwa baada ya kufunga kaunta, saa tano na nusu usiku nikisubiri gari ya stafu. Ya rafiki yangu ilikuwa Ijumaa baada ya laasiri. Saa hiyo izungushie duara.

3. Mwambie mtu mmoja.

Hapa ndo pagumu na ndo panapoamua, mara mbili nilizoshindwa sikumwambia mtu na mara mbili nilizomaliza nilimwambia. Si lazima awe mke au mume, si lazima awe wa familia. Awe mtu asiekunywa na wewe, asie na mdomo mwepesi, na anaepokea simu usiku. Anaweza kuwa kaka mkubwa, shoga yako wa skuli, mwenzako wa kazini aliekwishaacha, hata mzee mmoja wa baraza anaejulikana kwa kutunza siri za watu. Usimchague kwa sababu anakupenda, mchague kwa sababu hashtuki, maana anaekupenda sana anaweza kulia na kukuapiza na wewe ukabaki kumtuliza yeye.

Mwambie maneno machache tu: "Kaka, nakunywa, nataka nipumzike siku thalathini, naomba kila siku saa fulani unipigie dakika mbili." Saa fulani ni ile uliyoizungushia duara. Basi. Akitaka kukupa mawaidha marefu mwambie kwa adabu kuwa mawaidha utayapokea siku ya 31, sasa unahitaji simu tu.

4. Toa vilivyomo ndani.

Na unajua vilipo. Juu ya dari, ndani ya buti ya gari, nyuma ya gunia la mchele, kwenye begi la zamani. Vimwage. Usimpe mwenzako akuwekee, usiseme utamkaribisha mgeni, usibakishe kimoja "cha dharura". Vichupa vitupu navyo uvitoe, usiku wa manane harufu tu ya kifuniko inatosha kukutoa nje.

5. Ijaze ile saa.

Watu wengi wanapumzika pombe lakini saa yake wanaiacha wazi, wanakaa pale pale, na watu wale wale, wakiangalia wenzao wanakunywa, kisha wanashangaa. Saa isiyojazwa inajijaza. Kama saa yako ni ya magharibi, uwe nje unatembea: Unguja mjini, viwanja vya Maisara kuna watu wanafanya mazoezi kila jioni na hakuna anaekuuliza umekuja kwa nini, Chake Chake kule Pemba unaweza kupandisha mpaka uwanja wa Gombani na kurudi, wa shamba mna pwani nzima. Kama ni baada ya isha nenda baraza la kahawa. Kahawa chungu kikombe kimoja viwili na kashata, mazungumzo ya mpira na siasa, mtu anarudi nyumbani kashapoteza saa mbili na mwili umetulia. Lakini aliekuwa hapati usingizi asizidishe kahawa ya usiku, bora achukue chai ya tangawizi.

Kama saa yako ni ya usiku sana kama yangu ilivyokuwa, la maana ni kufupisha njia. Nilimuomba msimamizi anibadilishie zamu wiki mbili za mwanzo, sikumwambia sababu, nilisema nina dawa. Ilipokosekana zamu nilikuwa nakula kabla ya kufunga kaunta, kula hasa, wali na samaki, kwa sababu tumbo lililoshiba halitaki pombe kama tumbo tupu.

6. Andaa maneno kabla hujaulizwa.

Ukiulizwa na huna jibu utakunywa kwa aibu. Jibu liwe fupi, usijieleze. Yanayofanya kazi kwetu:

"Yakhe, leo sinywi, nipe soda."
"Niko kwenye dozi." (Hili linaheshimika kila mahala na ni kweli kwa namna yake, hii ni dozi ya siku 30.)
"Nina safari ya alfajiri."

Mgeni wa hoteli akikununulia bia kwa wema, mwambie ahsante, utachukua soda ya tangawizi. Mgeni haudhiki, kwao wapo wengi wanaopumzika Januari nzima, Uingereza kuna kampeni yake kila mwaka tangu 2013. Anaeudhika ni mwenzako mnaokunywa nae, na anaudhika kwa sababu amejiona. Usibishane nae.

7. Siku ya 1 mpaka ya 4: tunza mwili.

Kunywa maji mengi na jua letu hili, kula kwa wakati hata kama hamu hakuna, uji asubuhi, supu, samaki, ndizi. Hamu ya vitu vitamu itapanda sana, kula tende, kula halua kidogo, si wakati wa kujibana na sukari pia labda uwe na kisukari. Kichwa kinaweza kuuma, hasira zikawa karibu, ukatoka jasho usiku na usingizi ukakatika katika. Kwa anaekunywa kiasi hayo yanapungua ndani ya siku chache. Panadoli usizidishe, kama umekuwa unakunywa nyingi muulize mfamasia kiwango chako maana ini lilishachoka. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, na tumbo tupu ni kutafuta vidonda vya tumbo. Na usinunue Valium, dawa ya kutuliza na kulaza, dukani ukajitibu, wala usibadilishe pombe kwa bangi, utakuwa umehama chumba, nyumba ni ile ile.

Kutetemeka kukizidi, moyo kwenda mbio, kutapika kusikokoma, homa, kuona vitu au kifafa: hapo huu mwongozo umekwisha, ni hospitali sasa hivi.

8. Kila siku weka pesa kwenye kibubu.

Ile pesa hasa ya siku ile ungekunywa, si makadirio. Aliekuwa na bia tatu kwa siku nne za wiki ana bia 12 kwa wiki, wiki nne 48. Zidisha kwa bei ya pale unapokunywa wewe, ongeza bodaboda ya kurudia na mishkaki ya njiani. Mie nilipofungua kibubu niliona ada ya skuli ya mwanangu ya muhula mzima, na nilikaa kitako chini nikakitazama muda mrefu.

9. Siku ya mshahara iwe na mpango wake.

Hii siku imeangusha wengi kuliko Idi. Kabla pesa haijaingia panga itakwenda wapi, ikiingia tuma za nyumbani saa ile ile, na jioni uwe na yule mtu wako mmoja, nendeni bustani ya Forodhani mle urojo na mnywe juisi ya miwa, au mkaribishe kwako. Usiwe peke yako na usiwe na wale unaokunywa nao.

10. Siku ya 30.

Kabla hujafungua chupa soma daftari lako. Umelala vipi wiki ya tatu, umegombana mara ngapi, kibubu kina ngapi. Kisha uamue, na uamuzi ni wako. Ukiamua kurudi, jua kuwa mwili umesahau, bia nne ulizokuwa unazimudu zamani sasa zitakuangusha, na wapo wanaopata ajali ya vespa usiku ule ule wa Idi kwa kudhani wako kama walivyokuwa. Usiendeshe.

UKIKWAMA

"Nimeteleza siku ya 9."
Andika kilichotokea, saa ngapi, na nani, halafu kesho yake endelea na siku ya 10. Ukisema "nshaharibu basi nianze mwezi ujao" utakunywa wiki tatu kwa sababu ya bia mbili. Na mpigie mtu wako usiku ule ule, usisubiri mpaka upate ujasiri.

"Usingizi hauji kabisa."
Pombe inakulaza haraka halafu inakuamsha saa tisa usiku, kwa hiyo usingizi wako ulikuwa umevurugika siku nyingi, sasa unajipanga upya. Wiki ya kwanza mbaya, ya pili kwa wengi inakuwa afadhali. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, usilale mchana, simu iweke mbali na kitanda, oga kabla ya kulala.

"Nafanya kazi kaunta, nitaikimbiaje pombe?"
Huikimbii. Usionje, usimalizie glasi ya mtu, na uwe na glasi yako mkononi muda wote, ya ndimu na maji ya gesi. Ukishamaliza zamu toka, usikae kusubiri gari pale kaunta, kasubiri getini kwa walinzi.

"Nakunywa kwenye mesi ya askari, ndo sehemu yangu pekee huku Pemba, na marafiki zangu wote wako pale."
Siku 30 usiende kabisa, hata kwa soda. Rafiki wa kweli atakutafuta mahala pengine, na wasiokutafuta waandike pia kwenye daftari.

"Mke wangu kaona kibubu na daftari, kajua kila kitu."
Mwambie ukweli wote kwa mara moja, usimpe nusu. Mweleze siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na nani anakupigia simu. Wengi wao walikuwa wanajua zamani, walikuwa wanasubiri wewe useme.

"Naweza kuitumia bia isiyokuwa na kilevi?"
Wapo inaowasaidia, wapo inayowaamshia hamu, mie mojawapo wa hao wa pili. Soma lebo maana nyingine zina kilevi kidogo. Kama unapumzika kwa ajili ya mfungo wa Ramadhani, basi hilo muulize shekhe wako si mimi.

"Nimejaribu mara tano na kila mara naishia siku ya pili."
Hapo usijilaumu na usijaribu mara ya sita kwa namna ile ile. Hiyo inaweza kuwa dalili kuwa mwili ushategemea pombe, na hilo linatibika. Unguja nenda hospitali ya Mnazi Mmoja au hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Najua jina la Kidongo Chekundu linavyotisha watu, lakini wanaoingia pale na kutoka wakiwa wazima ni wengi na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee pale Mkoani, uliza huduma ya afya ya akili. Kuna na soba hausi, nyumba wanazokaa watu wanaoacha dawa za kulevya na pombe, na ndani yake utakuta wenzako waliokwishapita unapopita wewe. Kama unaona haya kuingia peke yako, yule mtu wako mmoja muombe akusindikize mpaka dirisha la kuandikisha.